Rafu za Sentimita Sitini na Sita

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, wasichana wawili wa darasa la tano walikutana kwenye kona ya duka la vipuri vya baiskeli, kisha wakaenda shule wakiwa wameshikana mikono. Mmoja aliitwa Kinasa, kwa sababu chochote kilichoingia sikioni mwake hakikutoka tena: jedwali la kuzidisha, namba za simu, hata matangazo ya sabuni ya redioni. Wa pili aliitwa Kifutio. Huyo aliandika neno moja na kulifuta mara tatu, mpaka karatasi inatoboka. Majina yao halisi yalibaki kwenye rejista tu.

Walikaa dawati moja, la pili kutoka nyuma. Mwalimu wao wa darasa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, na hakupenda somo liishie daftarini. Somo la sehemu, kama nusu na robo, walijifunza kwa kukata machungwa. Mvua waliipima kwa chupa iliyokatwa shingo. Walipofika kwenye mada ya macho, walichora bango la herufi, kubwa juu na ndogo chini, wakalitundika ukutani. Kila mwanafunzi alisimama nyuma ya darasa, akafunika jicho moja na kusoma.

Kwa Kinasa, herufi za chini zilikuwa kama sisimizi wanaotembea. Lakini wenzake ishirini walikuwa wametangulia kusoma, naye alikuwa amewasikiliza. Zamu yake ilipofika, alizitaja zote bila kukwama.

“Macho ya mwewe hayo!” mwalimu akasema, akamwekea alama ya vema.

Ukweli ni kwamba tangu mwaka uliopita maandishi ya ubaoni yalikuwa yamemwia ukungu. Aliweza masomo kwa sababu mwalimu alisoma kwa sauti kila alichoandika, na penye shaka alichungulia daftari la Kifutio. Hakumwambia mtu, hata mama yake. Kulikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyevaa miwani, na shule nzima ilimwita Chupa Mbili. Jina hilo alilitunga Kinasa mwenyewe, siku moja tu ya kutafuta kuchekesha watu. Sasa kila alipofikiria miwani, alisikia jina lile likimgeukia.

Muhula wa pili mwalimu alikuja na jambo jipya. Vitabu vya hadithi vya darasa vilikuwa ndani ya magunia mawili, na panya walikuwa wameanza kuvionja pembeni.

“Tutatengeneza kabati,” alisema. “Sisi wenyewe. Hesabu zetu, vipimo vyetu. Ijumaa wazazi wakija, walikute limesimama.”

Fundi seremala mmoja, mzazi wa mwanafunzi wa darasa hilo, alileta ubao mpana wa plaiwudi. “Ni huu mmoja tu, wanangu,” aliwaonya. “Sina mwingine. Ninyi pimeni, mimi nitakata. Mstari wenu ndio amri yangu.”

Jumanne, siku ya kupima, mwalimu alifika akiwa amekaukiwa na sauti kwa mafua. Aligusa koo lake, akatabasamu, akageukia ubaoni na kuandika vipimo vya kila kikundi bila kusema neno. Kinasa na Kifutio walipewa kazi ya rafu tatu.

“Soma kipimo chetu, mimi nakwenda ofisini kuchukua utepe wa kupimia,” Kifutio alimwambia mwenzake. “Ukisoma wewe hatutakosea.”

Kinasa alikaza macho. Akayafinya. Aliona tarakimu mbili za mviringo, ya pili ikiwa sita. Ya kwanza ilifanana nayo kabisa. Alingoja mwalimu atamke, kisha akakumbuka kwamba leo hatatamka. Kutoka dawatini hadi ubaoni hazikuzidi hatua kumi. Lakini akiinuka, watu watauliza kwa nini, yeye mwenye macho ya mwewe. Akabaki ameketi. Kwa nyuma watoto wa zamu wakaanza kufagia, na ubao ukafutwa kwa ajili ya somo la pili.

“Ngapi?” Kifutio aliuliza aliporudi.

“Sitini na sita.”

Kifutio akaandika, akapima, akafuta mstari, akapima tena mpaka ukanyooka kama uzi. Fundi alipoweka msumeno, aliwatazama wote wawili. “Mna hakika?”

“Ndiyo, fundi,” Kinasa alijibu.

Alasiri walianza kuunganisha. Mbavu mbili za kabati zilisimamishwa, mgongo ukapigiliwa misumari, darasa zima likapiga makofi. Kisha fundi akaingiza rafu ya kwanza. Ilishika ubavu mmoja, na upande wa pili ikabaki inaning’inia. Akajaribu ya pili. Vivyo hivyo.

“Kabati letu limeota mlango wa paka,” fundi alisema, lakini hakucheka. Alivua kofia akajikuna kichwa.

Mwalimu alisogea, akapima mwenyewe. “Niliandika themanini na sita,” alinong’ona kwa taabu. “Nani alishika rafu?”

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja. “Si Kifutio huyo!” mtu akapaza sauti. “Kafuta mpaka kafuta na rafu!” Darasa likaangua kicheko.

Kifutio alitoa kikaratasi chake. “Niliandika nilichoambiwa, mwalimu. Sitini na sita.”

Mwalimu akamtazama Kinasa. “Ulimwambia ngapi?”

Ilikuwa nafasi yake. Neno moja lingetosha. Lakini watoto arobaini walikuwa wakimwangalia, na jibu sahihi lilikwisha kutajwa hadharani, liko tayari mdomoni.

“Themanini na sita,” alisema.

Kifutio alimtazama rafiki yake, kisha akakikunja kikaratasi. “Basi nilisikia vibaya,” alisema polepole. “Kinasa huwa hakosei.”

Hapo ndipo Kinasa alipotamani ardhi ipasuke. Kama Kifutio angebisha, kama angemwita mwongo mbele ya watu, ingekuwa nafuu. Lakini alimwamini kuliko alivyoyaamini masikio yake mwenyewe.

Nyumbani chakula kilimshinda. Mama yake, aliyekuwa mshonaji, aliacha kukanyaga cherehani. “Mbona umekaa kama nguo iliyosahauliwa na mwenyewe?” alimtania. “Una nini, mwanangu?”

“Nimechoka tu, mama.” Na huo ukawa uongo mwingine siku hiyo hiyo.

Asubuhi Kifutio hakuwepo kwenye kona. Kinasa alingoja, kisha akaenda hadi kwao. Bibi yake Kifutio alikuwa uani anafua.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mwenzako anasema tumbo linamuuma. Lakini ni tumbo gani hilo, mtu akitaja kabati tu linalia? Hebu ingia umbembeleze. Anasema darasa zima lilimcheka, isipokuwa wewe.”

Kinasa alishika fremu ya mlango. Ndani alisikia mtu akivuta kamasi. Miguu ilikataa kuingia. “Nitarudi, bibi,” alisema, akatimua mbio hadi shuleni, aibu ikimchoma uso kama mtu aliyesimama karibu na moto.

Alimkuta mwalimu peke yake darasani, akiwaza mbele ya kabati. Sauti ilikuwa imeanza kumrudia, ingawa bado ilikwaruza.

“Mwalimu, Kifutio hakukosea. Mimi nilimwambia sitini na sita. Jana nilidanganya.”

“Ulikosea kusoma?”

“Sikusoma. Nilikisia.” Machozi yalianza kumdondoka. “Sioni ubaoni, mwalimu. Hata lile bango sikuliona. Nilikariri waliposoma wenzangu.”

Mwalimu alichukua chaki, akaandika tarakimu nne ubaoni, akamwambia arudi nyuma azisome. Kinasa alijaribu, akashindwa kusoma hata moja. Mwalimu alivuta kiti akaketi. Kinasa alisubiri kufokewa.

“Basi tuna aibu sote wawili,” mwalimu alisema mwishowe. “Nilipima watoto arobaini kwa kipindi kimoja, wakisikilizana, nikajisifu nimemaliza kazi. Hilo kosa ni langu. Na kutoona si kosa la mtu yeyote. Lakini Kifutio?”

“Hilo ni langu,” Kinasa alisema.

“Basi unajua pa kuanzia.”

Kengele ilipolia, Kinasa alisimama mbele ya darasa akasema yote: bango, ubao, sitini na sita, na uongo wake. Mtu alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akanyamaza. Yule aliyepaza sauti jana alijifanya anatafuta kitu chini ya dawati.

Wakati wa mapumziko, yeye na mwalimu walikwenda nyumbani kwa Kifutio. Safari hii Kinasa aliingia ndani wa kwanza.

“Hukusikia vibaya,” alisema. “Nilisema sitini na sita. Nilikuacha uchekwe kwa sababu niliogopa wangejua sioni. Nisamehe.”

Kifutio aliketi kitandani. Hakulia wala hakutabasamu. “Nililala nikidhani masikio yangu yana ugonjwa,” alisema. “Mwaka mzima tumekaa dawati moja. Ungeniambia tu. Ningekusomea kila siku, na nisingemwambia mtu.”

Kinasa aliinamisha kichwa. Kifutio akasimama, akatafuta viatu vyake. “Twende,” alisema. “Bado nimekukasirikia. Lakini Ijumaa ni keshokutwa.”

Shuleni walimkuta fundi, na Kifutio ndiye aliyepata dawa. Alilizunguka kabati, akapima, akafuta, akapima tena. “Fundi, kabati jembamba si kabati? Tukiupunguza mgongo uwe sitini na sita, rafu zitakaa. Na vipande vitakavyobaki tufanye kisanduku cha vitabu vidogo.”

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. “Jamani, nani atamcheka tena huyu? Mimi namtaka kwenye karakana yangu!”

Ijumaa kabati lilisimama, jembamba, limenyooka, limejaa. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini halikujaza ukuta. Kinasa, aliyekaa sasa dawati la mbele, alisimama akaeleza bila kuficha, mama yake akimsikiliza. Alikwama mara mbili, lakini alifika mwisho.

Wiki iliyofuata mama alimpeleka kwa daktari wa macho, na baadaye Kinasa akarudi shuleni na miwani. Kabla ya kuingia darasani alimtafuta yule mvulana wa darasa la nne, akamwomba radhi kwa jina alilomtungia. Mvulana alimwangalia kutoka juu hadi chini.

“Haya,” alisema. “Basi sasa tuko chupa nne.”

Siku hiyo mwalimu alipima macho ya darasa zima upya, safari hii mmoja mmoja, mlango umefungwa. Watoto watatu wengine walikutwa hawaoni vizuri. Mmoja wao alikuwa yule aliyepaza sauti siku ya rafu. Alitoka akifuta machozi, akaenda moja kwa moja kwa Kinasa kumwuliza kama miwani inauma.

Fundi, aliyekuja kukaza misumari, alimwuliza mwalimu, “Hivi kwa nini unajisumbua na mambo haya yote? Si ungefundisha kitabu tu, ukarudi nyumbani mapema?”

“Kitabu kisingenionyesha watoto wanne wasioona ubao,” mwalimu alijibu. “Kabati lililokatwa vibaya ndilo lililonionyesha. Siku kama ya leo ndiyo inayonirudisha darasani kesho.”

Kisha akawageukia wanafunzi. “Sikilizeni, wanangu. Kusema ‘sioni’ au ‘sijui’ kunatia aibu ya dakika moja, na baadaye unapata msaada. Kumbebesha mwenzako kosa lako kunatia aibu inayokufuata mezani na kitandani, na haiondoki mpaka useme kweli. Afya yenu isemeni mapema. Kosa lenu lisemeni mapema zaidi.”

Kinasa aligeuka kumtazama Kifutio, aliyekuwa dawati lile lile la nyuma. Kwa mara ya kwanza aliuona uso wake vizuri kutoka mbali. Kifutio alikuwa akimtabasamia, na Kinasa hakujua ni tangu lini.