Soma Kwanza, Ndipo Tuchape

Kila alasiri, kengele ya shule ikishalia, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia dukani kwa mama yake. Jina hilo la Chiriku alipewa na shangazi zake kwa sababu ya mdomo wake. Mtoto yule akianza kusema, hata redio husubiri zamu. Akifika dukani alivua sare, akavaa gauni la kazi na kufagia. Kisha alikaa kwenye kigoda akifanya kazi za shule, huku masikio yakiwa kwa wateja.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha kuchapa barua na kutoa nakala, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi za serikali. Ndani mlikuwa na kompyuta, printa, na mashine ya fotokopi waliyoiita Bibi, kwa kuwa iliguna kwanza kabla ya kufanya kazi yoyote. Mwenye duka alikuwa mama yake Chiriku, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chapa. Jamani, mama yule alikuwa na vidole! Alichapa huku akimsalimia huyu na kumjibu yule, wala macho yake hayakushuka kutafuta herufi.

Kazi ilikwenda hivi. Mteja alileta barua aliyoiandika kwa mkono. Mama Chapa aliichapa, kompyuta ikiwa imemwelekea yeye peke yake, mgongo wa mashine hiyo ukiwatazama wateja. Karatasi ilipotoka, mteja aliisoma na kukunja uso: "Aa, hapa jina la baba limekosewa." Inatolewa nyingine. "Samahani, mama, na tarehe nayo siyo." Haya, nyingine tena! Kila karatasi ililipiwa, na kila iliyoharibika iliingia kwenye boksi chini ya meza. Boksi likijaa, Chiriku alilimwaga kwenye shimo la taka nyuma ya duka. Kazi iliyobaki ilifanywa na upepo, uliozipeperusha hadi mtaroni.

Siku moja ilinyesha mvua kubwa. Maji ya mtaro yalikosa njia, yakapanda barazani, yakaingia kwa jirani yao, fundi cherehani, na kulowesha vitambaa vya wateja wake. Fundi alitia mkono mtaroni akatoa bonge la karatasi. Alikuja nalo hadi mlangoni kwa Mama Chapa, likichuruzika maji.

"Jirani, wanasema haba na haba hujaza kibaba," alifoka. "Zako zimejaza mtaro!"

Bwana afya wa mtaa aliitwa. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache. Alichungulia mtaro, akachungulia shimo, kisha akasema, "Mama, nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikuta karatasi zako mtaroni tena, duka hili nalifunga."

Mama Chapa hakubisha. Alimwomba fundi radhi, akavichukua vile vitambaa, akavifua na kuvipiga pasi kwa mikono yake mwenyewe. Lakini usiku ule aliisogeza sahani yake kando bila kula. Duka lile ndilo lililowalisha, ndilo lililolipa kodi ya nyumba na ada ya shule. Likifungwa, wangekwenda wapi?

"Nitatafuta mtu wa mkokoteni awe anazipeleka mbali," alisema.

"Mbali wapi, mama?" Chiriku aliuliza. "Huko nako si kuna mtaro wa watu?"

Mama yake alimtazama. "Haya sema, najua una neno linakuwasha."

"Geuza kompyuta, mama. Wasome kwanza, ndipo uchape."

Mama Chapa alielewa mara moja, na alielewa pia jambo ambalo mtoto hakulifikiria: zile karatasi zenye makosa zilikuwa zinalipiwa.

"Na riziki yetu, mwanangu?" aliuliza polepole.

Asubuhi Mama Chapa aliamka na uamuzi. Walipofika dukani kabla ya saa za shule, aliivuta meza, akageuza kompyuta ikatazama upande, ili yeye na mteja waone pamoja.

"Makosa mengine ni ya wateja," alimwambia bintiye, "lakini mengine ni yangu, na nimekuwa nikiwauzia. Leo basi."

Si wote waliofurahi. Mzee mmoja, ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi, aligoma kabisa. "Mimi maandishi nisiyoyashika siyaamini. Chapa, mama, acha maneno!"

"Baba, subiri kidogo tu," alisema Mama Chapa, akazikuza herufi mpaka zikajaa kioo.

"Lo! Hii ataisoma hata mke wangu akiwa nyumbani!" mzee alisema, watu wakaangua kicheko. Alisoma kwa sauti majina ya watoto wake, mara akasimama. "Mbona mwanangu wa mwisho simwoni? Ningerudi bila jina lake leo, nisingelala ndani!" Jina liliongezwa, karatasi ikatoka moja, safi, na mzee akaondoka akiipunga hewani kama bendera.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Droo ya pesa ilikuwa nyepesi, na sufuria jikoni nayo ikawa nyepesi. Chiriku alianza kujilaumu. "Mama, nimekuponza?"

"Hujaniponza. Subira yavuta heri. Tulia."

Na kweli heri ilikuja, tena kwa miguu ya wateja wenyewe. Yule mzee aliwaambia wenzake, wenzake wakaambiana, kwamba kwa Mama Chapa hulipii kosa. Karani wa ofisi ya ng'ambo alianza kuvuka barabara na kazi zake. Karatasi chache zilizoharibika hazikwenda tena shimoni. Zile zenye siri za watu, Mama Chapa alizichana vipande vidogo na kuvipeleka kwa muuza mayai, atandike kwenye makasha yake. Zilizobaki, ambazo upande mmoja ulikuwa mweupe, Chiriku alizipanga vizuri na kumpelekea fundi cherehani. Fundi, ambaye hasira zilishamwisha, alizishona katikati kwa uzi mnene, zikawa madaftari ya kufanyia hesabu za majaribio.

Mwisho wa mwezi bwana afya alirudi. Alichungulia mtaro: maji yalipita bila kizuizi. Alichungulia shimo: hamkuwa na karatasi hata moja. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia dukani.

"Duka lako litabaki wazi, mama. Sasa nichapie tangazo, kwamba ni marufuku kutupa taka mtaroni. Nataka nakala za mtaa mzima, kila mlango moja."

Macho ya Chiriku yaling'aa. Kazi kama hiyo Bibi angeguna kutwa nzima! Mama yake alichapa maneno, akaelekeza kidole kwenye kioo. "Soma kwanza, bwana afya."

Bwana afya alisoma. "Sawasawa. Toa."

Mama Chapa hakutoa. Alishusha pumzi. "Bwana afya, kazi hii naihitaji, sikufichi. Lakini kila mlango ukipata karatasi yake, mvua ijayo utazitoa hizo hizo mtaroni. Chukua moja, yenye herufi kubwa, ubandike penye bomba la maji. Pale nani hapiti?"

Kwa mara ya kwanza mtu yule mrefu alicheka, akacheka mpaka fundi cherehani akachungulia kuona kulikoni. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, kuokota taka ni vizuri. Ila anayezizuia zisiwepo, hata pale zinapomletea faida, huyo ndiye anayeyatunza mazingira kweli. Wengi tunahubiri. Mama yako ametenda, mbele ya macho yangu. Mwige."

"Aliyeanza ni yeye mwenyewe, na mdomo wake huo," alisema Mama Chapa, akimshika bintiye bega.

Printa ilitoa karatasi moja tu, na Bibi hakuguna hata mara moja. Chiriku aliomba aipeleke yeye. Alikwenda nayo hadi bombani, na kila aliyekutana naye njiani alimsimulia habari za mama yake, mwanzo hadi mwisho.