Salamu za Ukutani

Asubuhi, kama kawaida yake, Kiherehere aliosha vyombo harakaharaka, akafagia, uchafu akausukumia chini ya mkeka, kisha akapaza sauti, "Nimemaliza, bibi!" Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa kila kazi aliianza mbio na kuimaliza kwa mdomo.

Siku hiyo walikuwa na safari. Bibi alitaka kwenda kwenye makumbusho ya vita, ambako majina ya askari waliokufa yamechongwa ukutani. Kaka yake alikuwa mmoja wao. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu, hivyo mjukuu ndiye angemsomea.

Walijikokota kati ya mizinga yenye kutu na kofia za chuma zilizotobolewa na risasi. Kila penye benchi bibi alikaa. Walipofika ukutani, jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na miguu ya Kiherehere ilikuwa inawaka moto. Majina yalikuwa mengi kama siafu, tena hayakufuata alfabeti. Alisoma safu moja, akasoma nyingine, shingo ikamuuma, njaa nayo ikamkwangua. Mwishowe akaushika mkono wa bibi, akauweka juu ya jina lililokuwa karibu.

"Ni hili, bibi."

Bibi aliyapapasa maandishi taratibu.

"Kaka," alisema, "siku uliyoondoka nilikununia kwa sababu ulivunja kioo changu. Uliniita mlangoni, nami nikajifungia chumbani. Sikukuaga. Nimekuja kukuaga sasa. Nisamehe."

Uongo wa uchafu chini ya mkeka Kiherehere alikuwa ameuzoea, lakini huu ulimwelemea.

"Bibi, si yeye," alisema huku akilia. "Nilichoka. Nimekushikisha jina la mtu mwingine."

Bibi aliondoa mkono ukutani.

"Basi tafuta," akasema.

Mlinzi akaja akitikisa funguo. "Mama, tunafunga."

"Mimi nimechelewa maisha yangu yote, mwanangu. Wewe utachelewa kidogo tu."

Mlinzi alicheka, akaketi kuwangoja. Kiherehere akarudi mwanzo wa ukuta, akapita safu kwa safu kwa kidole, bila kuruka hata jina moja. Alilipata chini kabisa, nyuma ya shada la maua yaliyokauka. Akamsomea bibi mara mbili. Bibi alipiga magoti kwa taabu, akaliwekea jina kiganja, akayasema yote upya, tangu kioo hadi msamaha.

Walipotoka, walikaa kwenye ngazi, hoi.

"Na yule wa kwanza, bibi?"

"Naye ana dada yake mahali fulani. Salamu hazikupotea. Lakini kaka yangu angebaki pale chini, nami ningerudi nyumbani nikidhani nimemuaga." Bibi alimfuta machozi. "Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Hata mimi nimechoka. Ila ukichoka, sema umechoka. Usiseme umemaliza."

Walifika nyumbani jioni wakiburuta miguu. Bibi alijitupa kitini. Kiherehere alitamani kulala hapohapo, lakini aliukunja mkeka kwanza, akachukua ufagio.

"Bado sijamaliza, bibi," akasema.