Sauti Chini ya Kitambaa

"Zima hiyo kitu, Najwa. Wageni wako kwa gate."

Sumeya, mdogo wake, alisema hivyo akipita na sinia ya sambusa, wala hakusimama kungoja jibu. Najwa, vidole vikiwa na mafuta, akaifikia spika juu ya kabati la televisheni na kubonyeza batani ya kwanza aliyoigusa. Muziki ukakatika. Akavuta kile kitambaa cheupe cha kufuma cha mamake, ambacho nyumbani kwao Nakuru kilikuwa na ndugu zake juu ya kila kitu kuanzia redio hadi mgongo wa kochi, akaifunika.

Alidhani ameizima. Kumbe ameibadilisha tu, imetoka kwenye kadi ya nyimbo imeingia kwenye Bluetooth, na spika za namna hiyo hazisahau simu zilizowahi kuzijua.

Spika yenyewe ilikuwa na mwezi mmoja tu mle ndani. Najwa, fundi wa kushona sare za shule, alikuwa na tabia moja ambayo Sumeya aliicheka bila huruma: kila mwisho wa mwezi lazima ajinunulie kitu kimoja cha kumfurahisha. Mara soksi nzito za baridi, mara mto mpya, mara kikombe cha kifuniko ili chai isipoe akishona. Mwezi huo aliiona spika nyekundu kwa Kang'ethe, muuza vitu vya mitumba, kona yake moja imeyeyuka kidogo kama iliyowekwa karibu na jiko. Akaipenda hivyo hivyo na kona yake.

Alipofika nyumbani akagundua kuna kadi ya memori imesahauliwa ndani. Nyimbo tupu. Mzee mmoja anapiga ala ya nyuzi na kuimba kwa lugha ambayo Najwa hakuijua hata neno, na katikati ya wimbo anacheka kicheko kizito, kisha anaendelea. Basi tangu siku hiyo Najwa hakuosha sahani tena kwa kununa. Wimbo wa mwisho ndio ulimmaliza kabisa. Aliamua utapigwa siku ya harusi yake, apende asipende mtu. Akajirekodi akiuimba puani, akamtumia mchumba wake Salmin kwa WhatsApp.

Salmin, ambaye kwa kawaida hujibu kwa mioyo na maua, alijibu hivi: "Hiyo nyimbo umeitoa wapi?"

Najwa akaandika: "Ni siri yangu. Utaisikia harusini 😄"

Salmin aliusoma ujumbe ule na hakujibu mpaka kesho yake, tena akaleta habari za vitunguu. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, anavinunua Ndabibi na kuvisambaza kwenye hoteli za mjini, kwa hiyo nusu ya wiki yuko Ndabibi na nusu yuko Nakuru. Najwa hakuona ajabu yoyote. Mtu ukipenda, hata vitunguu unaviamini.

Leo sasa Salmin amekuja na kakake Zayed kupanga siku ya nikahi. Huko nje salamu zikapaa, viatu vikavuliwa mlangoni, na katika kelele hizo spika ikasema chini ya kitambaa, kwa ile sauti yake ya mwanamke wa Kizungu: "Connected." Najwa aliisikia kwa mbali, akafikiri ni simu yake. Akaenda jikoni kuchukua chai.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mno. Mzee Muhidin, babake Najwa, aliuliza alichopaswa kuuliza, Zayed akajibu kwa adabu. Mamake Najwa alikuwa ameshawaambia majirani wote, na wengine walishanunua nguo za sherehe. Binti yake ana miaka thelathini na tatu, na maneno ya mtaa yalikuwa yamemchosha mama kuliko yalivyomchosha Najwa mwenyewe. Wakakubaliana Ijumaa ya pili ya mwezi ujao. Mama akafumba macho akashukuru.

Hapo ndipo simu ya Salmin ilipolia. Akaiangalia, akainuka haraka.

"Pole sana, Baba. Ni mkulima wangu wa vitunguu, lazima nishike."

Akatoka hadi kwenye veranda na kuvuta mlango nyuma yake. Najwa alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia ya vikombe.

"Salmin? Mbona tangu jana hushiki simu zangu?"

Sauti ya mwanamke. Ilitoka pale pale sebuleni, kubwa na safi, kana kwamba mtu amekaa juu ya kabati. Mzee Muhidin akageuza shingo. Zayed akaacha sambusa mdomoni. Huko nje Salmin alisikika akisema hallo, hallo, sikusikii, ongea kwa nguvu.

"Nasikia vikombe. Uko hoteli? Basi we nisikilize tu. Nimeuza spika yako. Ndio, nimeuza, haiko kwa fundi kama nilivyokuambia, na usinipigie kelele. Kila ukikuja nyumbani unawasha muziki ndio usiongee na mimi, nikachoka. Lakini nilisahau kadi ya marehemu baba ndani. Zile nyimbo zake alizopiga kwa litungu, zote. Nimelia mpaka mtoto ananiuliza ni nini. Haki nisaidie kuitafuta, Baba Mitchelle."

Najwa aliweka sinia mezani polepole. Baba Mitchelle. Akatembea hadi kwenye kabati, akakiondoa kitambaa. Ile taa ndogo ya buluu ilikuwa inawaka.

"Kadi ninayo mimi," akasema.

Yule mwanamke akauliza: "Wewe ni nani?"

"Naitwa Najwa. Niko Nakuru. Hii spika nilinunua kwa mtu wa mitumba."

"Na simu ya bwanangu imefikaje kwako?"

"Simu anayo mwenyewe, dada. Yuko nje kwa veranda anasema hallo. Wewe unasikika kwa spika, ndani ya nyumba yetu. Tuko wote hapa."

"Wote akina nani?"

"Baba yangu, mama yangu, na Zayed. Salmin amekuja kuposa."

"Kuposa nani?"

Najwa akakikunja kitambaa mkononi. Akaisogelea spika.

"Mimi."

Kwenye spika kitoto kikasikika kikiuliza kama huyo ni baba.

"Aliniambia ameenda kuuza vitunguu," mwanamke akasema taratibu.

"Na huku ametuambia wewe ndio mkulima wa vitunguu."

Mlango ukafunguka. Salmin akaingia akitikisa kichwa, simu mkononi.

"Network ya huku ni mbaya sana, sijui..."

Akaiona spika nyekundu, imevuliwa kitambaa, na ile kona iliyoyeyuka. Aliijua kona hiyo, maana ni yeye aliyeiweka karibu na jiko. Uso wake ulipauka hadi ukawa wa mtu mwingine. Spika ikasema, "Salmin, kumbe unasikia?" Naye akabonyeza simu haraka kama anayeua siafu, na sauti ikakatika.

Mzee Muhidin hakupandisha sauti.

"Zayed. Ulikuwa unajua?"

Zayed aliangalia zulia. Alisema alikwenda na Salmin kuposa kwa wazee wa yule mwanamke miaka minne iliyopita, yeye na Salmin tu, na kwamba alikuwa amemwomba mdogo wake aseme ukweli kabla ya leo.

Sasa Salmin akapata ulimi. Akaanza kueleza, maneno yanakanyagana: kwamba alingoja wakati mzuri, kwamba angesema baada ya nikahi, kwamba hakutaka kumpoteza Najwa. Kisha akafikia pale ambapo Najwa alijua atafika.

"Na dini inaniruhusu, Baba. Mwanamume anaweza kuoa wa pili."

Mama akamtazama mumewe, na Najwa akaona jambo lililomuumiza kuliko yote ya siku hiyo: mamake alikuwa anafikiria. Anahesabu majirani, anahesabu nguo, anapima kama aibu ya kuvunja ni kubwa kuliko aibu ya kukubali. Najwa hakumngoja amalize hesabu.

"Dini inakuruhusu," akamwambia Salmin. "Lakini huyo wa pili ni mimi, na wewe hukuniambia. Na wa kwanza pia hukumwambia. Umeruhusiwa kuoa. Kudanganya umejiruhusu mwenyewe."

"Najwa, nakupenda. Huo ndio ukweli."

"Nilikutumia ule wimbo. Uliujua?"

Salmin akaitazama spika.

"Uliujua," Najwa akajijibu. "Nenda nyumbani, Salmin. Leo chai yetu itanywewa na wenyewe."

Mzee Muhidin akainuka na kuufungua mlango. Hakutia neno lake juu ya la bintiye. Walipokuwa wakivaa viatu, Zayed alibaki nyuma kidogo, akamwomba Sumeya simu, akaingiza namba ya yule mwanamke na kuondoka bila kuaga. Salmin alipopita gate, spika ikasema, "Disconnected." Mama akaruka kwa mshtuko, kisha akaketi na kulia. Najwa akakaa karibu naye, na wote wawili wakalia vizuri, bila haraka.

Kesho yake Najwa akaandika ujumbe kwa ile namba.

"Ni Najwa wa spika. Kadi yako iko salama. Jumamosi tukutane Kikopey nikupe?"

Jibu lilichelewa mpaka jioni.

"Naitwa Nabalayo. Nitakuja. Sijui nikukasirikie ama nikushukuru."

"Hata mimi sijui. Kuja tu."

Jumamosi Kikopey, kituo cha nyama choma kando ya barabara kuu, ilikuwa imejaa moshi wa nyama na magari ya safari. Najwa alikuwa amejiandalia mwanamke fulani kichwani, mrefu, wa kujipamba, mwenye ulimi. Aliyekuja ni mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijivu na macho yaliyovimba kama yake. Walisalimiana kwa mkono, wakaketi kwenye meza ya pembeni, wakaagiza chai. Kwa muda walizungumzia baridi.

Nabalayo akaeleza kwamba Salmin alirudi Ndabibi usiku ule ule akiwa na uongo mpya tayari. Akakuta nguo zake zote zimefungashwa nje ya mlango.

"Nilimwekea ndani ya gunia la vitunguu," akasema. "Ndio isikuwe mgeni kwake."

Najwa alicheka kabla hajajua kama inafaa kucheka. Nabalayo naye akacheka, kisha akafuta macho.

Najwa akatoa spika kwenye mkoba na kuisukuma mbele yake. "Chukua zote mbili."

"Hapana. Spika niliuza, ni yako. Kadi ndio sikuuza."

"Kabla utoe, naomba niusikie mara ya mwisho. Ule wa mwisho kabisa. Nilikuwa nataka upigwe harusi yangu."

Nabalayo alimkodolea macho. "Ule baba anacheka katikati?"

"Huo."

Najwa akauwasha, sauti ya chini. Nyuzi zikaanza, mzee akaimba, akacheka, akaendelea. Nabalayo alisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Ulipokwisha, akasema:

"Unajua anasema nini? Hiyo ni siku Salmin alikuja kwetu na Zayed. Baba alikuwa anamkaribisha. Anamwambia, mkwe wangu, hakuna mtu alikufunga kamba. Umekuja na miguu yako, sasa keti. Halafu anacheka kwa sababu Salmin alikuwa amekaa tayari, na ameshaanza kukula."

Najwa akaitazama simu yake. Mwezi mzima alikuwa ameosha vyombo akiimba puani posa ya mwanamke mwingine. Akamtumia mwenye posa kwa sauti yake mwenyewe, akamwekea na kicheko.

"Nitaufuta," akasema. "Niliuhifadhi kwa simu. Nitaufuta sasa hivi."

"Usifute." Nabalayo alimshika mkono. "Baba aliimba vizuri. Yeye hakukosea kitu."

Akaivuta kadi kutoka kwenye spika, akaifunga ndani ya leso na kuitia kifuani. Spika ilipokosa kadi, ikatafuta simu inayoijua. Simu ya Nabalayo ilikuwa mezani, karibu na kikombe, na spika hiyo ilikuwa imekaa nyumba moja nayo miaka mitatu.

"Connected."

Wakatazamana. Mara simu ikalia. Kwenye kioo kulikuwa na jina: Baba Mitchelle.

Nabalayo akaangalia jina lile, akamwangalia Najwa. Kisha akanyoosha kidole na kupokea.

"Naba? Usikate, tafadhali." Sauti ya Salmin ilijaa mezani, laini, ile ile ambayo Najwa alikuwa akilala nayo sikioni. "Najua umekasirika. Lakini yule msichana wa Nakuru ni yeye alikuwa ananisumbua. Mimi sikuwa hata na mpango. Watu wake ndio walinilazimisha, wallahi. Moyo wangu uko na wewe. Naba? Unanisikia?"

Najwa alidhani machozi yake yalikwisha siku ile ya chai. Kumbe yalikuwepo mengine, na haya hayakuwa ya kumpenda. Akainama hadi karibu na ile kona iliyoyeyuka.

"Tunakusikia, Salmin," akasema. "Sisi wote wawili."

Spika ikakwaruza kidogo. Kisha sauti ikarudi, ndogo, imepotea.

"Hallo? ... Hallo?"

"Network ya huku ni mbaya," Nabalayo akamwambia, akakata. Akaita mhudumu na kuagiza chai nyingine mbili.