Ndoo ya Maji Chini ya Mkorosho

Kitu cha kwanza alichokiona Stamili kilikuwa udongo uliolowa. Kilikuwa kiangazi, na kijijini Kitangari hakuna mtu anayemwaga maji.

Ulikuwa chini ya mkorosho, nyuma ya nyumba ya Gasper mpiga picha. Juu yake, kwenye tawi, ilining'inia filamu ndefu iliyobanwa kwa miiba. Kamera ndogo ya Gasper ilikuwa kwenye kisiki, mgongo wazi, bila mkwaruzo.

Inspekta Shamte alifika kwa pikipiki kutoka Newala. Alikuta mgambo wameshamfunga kamba Godwin, kaka yake Stamili.

"Ni yeye," alisema Gasper. "Zamani kamera ilikuwa moja hapa, yangu. Tangu bidhaa ziruhusiwe kuingia ovyo, kila aliyeuza korosho anarudi kutoka Masasi na kamera. Ameniharibia filamu nikiwa kanisani, anione sina kazi."

"Wateja wananifuata kwa sababu siwakati vichwa pichani," alisema Godwin.

"Nyamaza," alisema Shamte. "Leo unalala mahabusu, na kamera yako itakuwa kielelezo."

Stamili hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alisogea, akapiga goti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sema."

"Maji." Alionyesha chini.

"Yana nini?"

"Imemwagwa ndoo nzima. Nyumbani kwetu nateka mimi. Ndoo zetu zimejaa, nenda ukaangalie."

Shamte alichuchumaa, akaugusa udongo. Kisha akamgeukia Godwin.

"Wewe ukitaka kuharibu filamu unafanyaje?"

"Nafungua mgongo wa kamera tu. Mwanga unamaliza kazi. Maji ya nini?"

Inspekta aliitazama filamu kwa karibu. Miiba ilipita kwenye vitundu vya pembeni pekee. Mtu mwenye chuki hachagui pa kuchoma mwiba.

"Gasper, nani amekuuliza picha zinatengenezwaje?"

"Wengi."

"Nani alirudi kuuliza tena?"

Gasper alikuna kidevu. "Mama Pili. Nilimpiga picha binti yake siku wanawali walipotolewa unyagoni. Haukupita muda, Pili akafa kwa malaria. Mama yake akawa anakuja kuulizia picha. Nikamwambia filamu haijaisha, siwezi kuipeleka Masasi ikiwa nusu."

"Ulimwambia huko wanaifanyaje?"

"Kwamba wanaitia kwenye maji, sura zinatokea, wanaianika."

"Na dawa? Na chumba cha giza?"

"Hiyo siri ya kazi, afande."

Mama Pili walimkuta mlangoni kwake akimenya mihogo. Ndoo yake ilikuwa imefudikizwa ukutani, kavu.

"Kamera ya Gasper uliifungua wewe?" aliuliza Shamte.

"Mimi."

"Mbona ulifanyia kazi hiyo uani kwake?"

"Kamera si yangu. Sikutaka itoke kwa mwenyewe. Nilibeba maji yangu, nikaosha taratibu. Nilikuwa namtaka Pili tu."

"Ulimwona?"

"Nilisubiri ikauke. Hakukuwa na mtu."

Shamte aliwaashiria mgambo. Godwin akafunguliwa. Alisugua mikono yake. Gasper alivua kofia.

"Ningeipeleka hiyo nusu," alisema. "Mama Pili, ningeipeleka tu."

"Na wewe ungesubiri kidogo," Shamte alimwambia mama. "Filamu ingeisha. Haraka ilikuwa ya nini?"

Mama Pili aliweka kisu chini. Alimtazama Stamili, ambaye alitoka unyagoni siku moja na Pili.

"Kila anayekuja kunipa pole ananiambia, uso wa mwanao unao moyoni. Naitikia. Sijamwambia mtu yeyote, afande. Sauti yake ninayo. Mkono wake ukishika ndoo ninao. Uso nimeanza kuusahau."