Dipoziti ya Kitanda cha Harusi

"Mzee Omwenga, sijakuja kugombana. Nataka tu elfu thelathini yangu."

Fundi Omwenga aliweka randa chini, akapangusa vumbi la mbao kwenye miwani.

"Pesa gani tena, mwalimu?"

"Dipoziti ya kitanda cha harusi. Si tulivunja oda? Angwenyi alikuja na risiti Jumamosi, ukamkatalia."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

Roselyne, mwalimu wa chekechea kutoka Kebirigo, hakuwa mtu wa kelele. Pesa hiyo ilikuwa bonasi yake ya mwaka mzima kutoka shamba lake la majani chai. Zilipobaki wiki tatu waoane, mchumba wake Angwenyi alimwambia wavunje oda, kwamba kakake angewapa kitanda cha bure, na kwamba yeye mwenyewe angekuja hapa Marani kwa fundi kudai dipoziti. Mapenzi hayana macho. Risiti alimkabidhi bila swali.

Sasa alimwonyesha fundi ujumbe kwenye simu.

*Babe nimetoka kwa fundi sai. Ni Jumamosi amejaa wateja. Amekataa kabisa kurudisha dipo. Achana nayo, mapenzi yetu ni zaidi ya mbao.*

Mzee aliusoma mara mbili.

"Huyu kijana si Msabato."

"Ni Mkatoliki. Kwani?"

"Kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa. Jumamosi siuzi hata msumari. Hii mlango haijawahi kufunguliwa siku ya Sabato tangu nijenge."

Roselyne alitamani fundi awe ndiye mwongo. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Kwa hivyo hakuja?"

"Alikuja. Lakini ilikuwa Jumatatu." Fundi alifungua daftari la oda, akapitisha kidole. "Na hakuvunja oda, aligeuza. Mlikuja wawili siku ya kwanza, na risiti alikuwa nayo, nikajua mmeelewana. Soma mwenyewe, maana mimi nitaona aibu."

Alisoma. *Kitanda cha mtoto, kimoja. Kitanda cha futi nne, kimoja. Vipelekwe Kenyenya kwa Jacinta. Imelipwa yote kwa dipoziti ya kwanza.* Chini yake, sahihi ya Angwenyi, ile ile yenye mkia mrefu ambayo Roselyne alikuwa akiisifia.

"Ulivipeleka wewe?"

"Nilivipeleka mwenyewe Alhamisi."

"Mtoto ni wa umri gani?"

"Mwalimu..."

"Wa umri gani, mzee?"

"Alikuwa bado ananyonya."

Roselyne hakulia. Kulia kulikuja baadaye, nyumbani, na kulichukua siku mbili. Pale alipiga simu, akaiweka kwa spika ili wote wasikie.

"Mrembo wangu!"

"Angwenyi, kwa fundi ulienda siku gani?"

"Si nilikwambia, Jumamosi. Nilimpata akipiga randa, vumbi mpaka kwa kope. Mzee mkali huyo!"

Omwenga alisogea karibu na simu.

"Kijana, hiyo Jumamosi nilikuwa kanisani nafundisha somo. Salamu zangu kwa Jacinta umenifikishia?"

Jogoo mmoja akawika huko alikokuwa Angwenyi.

"Rose, naomba nikuelezee. Ile kitu ilianza zamani, kabla yako..."

"Mtoto ananyonya, Angwenyi. Zamani gani hiyo?"

"Nakupenda wewe. Haki."

"Na mimi nilikupenda. Hilo sikatai. Mwambie baba yako aje Kebirigo Jumapili na wazee wake. Ng'ombe wanne aliotoa kwa mahari wako salama."

"Rose, usivunje harusi kwa sababu ya vitanda!"

"Waje na kamba nne. Yule mwekundu amezaa juzi, lakini wasijisumbue na kamba ya tano."

"Wasijisumbue kwa nini? Ndama ni wa ng'ombe wetu!"

"Na kitanda kilikuwa cha pesa yangu. Ndama anabaki. Huyo ndiye dipoziti yangu."

Akakata simu. Fundi alijifanya anatafuta penseli, ilhali ilikuwa nyuma ya sikio lake.

"Wazee wakikataa?" aliuliza mwishowe.

"Nitakuita uje na daftari."

"Nitakuja. Ila isiwe Jumamosi."

Roselyne alijikuta amecheka, kicheko kifupi chenye machozi ndani. Alipofika mlangoni, mzee akamwita.

"Mwalimu, huyo ndama ni jike ama dume?"

"Jike."

"Basi," alisema Omwenga, akaishika randa yake, "hujapata hasara."