Mahindi Yenye Harufu ya Moshi

Kukicha tu, Yusta alichukua ndoo na kata, akashuka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Mtu alichimba shimo, akapiga magoti, akasubiri maji yajikusanye, kisha akachota polepole asije akayatibua. Akirudi, alifagia uwanja, akamnawisha uso mdogo wake Eliasi, akapita shambani kufukuza kwale wasifukue mbegu. Ndipo alipovaa sare na kukimbilia shule. Alikuwa darasa la sita.

Waliishi Kambi ya Chini, upande wa Magoma, wilaya ya Korogwe. Zamani pale walilala wakata mkonge. Mkonge uliisha, watu wakabaki. Bibi yake Yusta, Bibi Hilaria, alikuwa binti wa Mnyamwezi aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge. Mlango wa pili aliishi Bi Mwanaidi, Mzigua wa Handeni, aliyeolewa hapo akiwa msichana. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, basi wazee hawa wawili hawakuwahi kuamkiana kama watu wengine.

"We Mnyamwezi, umeamka?" Bi Mwanaidi aliita kila asubuhi. "Nilidhani leo nimepata shamba la bure."

"Utatangulia wewe, Mzigua," Bibi alijibu. "Na siku hiyo sufuria zako zote nabeba mimi."

Mwaka huo hali ilikuwa ngumu. Mvua za vuli zilikataa, ghala likabaki na panya tu. Mama yake Yusta, Emiliana, akapanda milimani Dindira kuchuma chai, ili kila akipata chochote atume unga kwa basi mpaka Korogwe mjini. Kutoka stendi, Zaidi, mjukuu wa Bi Mwanaidi mwenye bodaboda, aliuleta mpaka mlangoni.

Chakula kilikwisha, lakini mbegu zilikuwepo. Bibi alizining'iniza jikoni juu ya mafiga, moshi ukazipiga mwaka mzima, mdudu asiziguse. Mahindi yalikuwa meupe, ila kwa masizi yaligeuka rangi ya kahawia. Masika yalipokaribia, Bibi aliyapukuchua, akayatia katika bakuli, akayapeleka kigangoni, kanisa dogo la Wakatoliki. Padre alibariki mbegu za Wakristo wote. Jumatatu yake Bibi akashika jembe, akaenda kupanda kavu.

Kupanda kavu ni kupanda vumbini kabla mvua haijanyesha, ili mvua ya kwanza ikija iikute mbegu imeshalala ardhini inaisubiri. Ukichelewa, masika mafupi yanakuacha. Ukiwahi na mvua isije, umepoteza mbegu.

"Sasa Bibi, isiponyesha je?" Yusta aliuliza, huku akifukia mashimo kwa mguu.

"Tumelima, tumepanda, tumeomba. Ya kwetu tumemaliza. Mvua ni ya mwenyewe Mungu."

"Na kwale je?"

"Kwale ni wako," Bibi alisema. Wakacheka.

Kwaresima na Ramadhani zilianza pamoja mwaka huo.

"Mmeona tunafunga, mmetuiga," Bi Mwanaidi alichokoza.

"Nyie ndio mmetusubiri sisi tuanze," Bibi akamjibu.

Lakini mvua haikuja. Kila alasiri mawingu meusi yalipanda juu ya milima ya Usambara, radi zikasikika, na huku chini vumbi likazidi kuruka. Siku moja Zaidi alikuja na pikipiki mikono mitupu.

"Shikamoo Bibi. Leo hakuna mzigo. Kule juu mvua imepiga, mlima umeporomoka, njia ya Dindira imefunga. Magari hayapandi wala hayashuki. Ila mama Yusta amepiga simu, yuko freshi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu ni mwema, maadamu yuko salama."

Yusta aliangalia mlima, akaona uchungu. Mvua kule ilikuwa nyingi mpaka ikafunga njia. Huku hakuna hata tone. Mungu huyohuyo!

Wakabaki na makopa kidogo ya mihogo mikavu na mboga za porini. Jioni Bibi alipika uji, akawagawia watoto, yeye akakaa pembeni akisali rozari.

"Bibi, na wewe?"

"Mimi nimefunga. Ni Kwaresima."

Walisali Baba Yetu. Walipofika penye mkate wa kila siku, Eliasi alifungua jicho moja. "Bibi, wa leo ndio huu uji?"

"Ndio huu. Funga jicho."

Jumapili ikafika. Bibi akawagawia uji tena, akasema amefunga. Yusta aliduwaa. Katekista Fabiani aliwafundisha kwenye kipindi cha dini kwamba Jumapili si siku ya kufunga, hata ndani ya Kwaresima. Akamtazama Bibi vizuri. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kesho yake Bibi alinyanyua ndoo, akayumba, akashika ukuta. "Jua tu," alisema. Lakini jua lilikuwa bado halijatoka.

Jumamosi Bibi alikwenda kigangoni kwenye sala za kuomba mvua. Aliondoka alfajiri, kwa sababu siku hizi alitembea akipumzika. Eliasi alikaa mlangoni akilamba kijiko kikavu.

Yusta alichukua kisu na sahani, akaenda shambani. Alisimama ukingoni, karibu na mkonge wa zamani, akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama bati. Mbegu hizi zitaoza bure, alijiambia. Kwale watazila. Heri tuzile sisi. Akapiga magoti, akafukua shimo la kwanza. Punje zilikuwa pale pale, kavu, jinsi Bibi alivyoziweka. Akafukua la pili. Akafukua mstari mzima, kisha mwingine, mpaka sahani ikajaa. Alifukia mashimo vizuri, akafuta nyayo zake kwa tawi.

Mahindi yalichemka tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda. Bibi aliporudi, alikuta Eliasi amekwisha kula, tumbo mbele, amelala mkekani.

"Nasikia harufu ya chakula kwangu, au nimekosea nyumba?"

"Karibu Bibi. Shikamoo. Mahindi... ametupa Bi Mwanaidi." Yusta aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. "Nimekuwekea yako. Kula, Bibi. Leo usifunge."

Bibi alikaa kwenye kigoda. Alifunua sufuria, mvuke ukampiga usoni. Akavuta harufu. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akala, taratibu, punje kwa punje. Hakusaza.

"Mungu ambariki aliyenilisha," alisema. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na khanga yake mpya, ile ambayo Emiliana alimletea Noeli na ambayo ilikuwa haijavaliwa hata kanisani. "Twende kwa Mzigua tukamshukuru. Mtu anayekupa mahindi mwezi kama huu huwezi kumpa neno tupu. Nampelekea hii ajifunge sikukuu."

"Khanga yako mpya, Bibi?"

"Mahindi yake hayakuwa na thamani?"

"Twende kesho. Leo umechoka."

"Nimekula. Nina nguvu. Shika wewe khanga, tangulia."

Nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa hatua chache tu, lakini Yusta aliona kama anapanda mlima. Khanga ilinukia upya mikononi mwake. Walipofika uani, Bi Mwanaidi alikuwa anamenya mihogo ya kufuturu.

"Mnakuja kukagua sufuria zenu za urithi?" aliuliza. "Bado nipo hai."

Bibi alimtazama mjukuu wake, akasubiri.

Yusta aliibana khanga kifuani, akasema. "Bi Mwanaidi, shikamoo. Bibi amekuja kukushukuru kwa mahindi. Lakini hukutupa wewe. Nimefukua mbegu shambani. Mistari ya ukingoni. Nimezipika." Machozi yakamtoka. "Padre alizibariki, na mimi nimezifukua."

Bi Mwanaidi aliacha kisu hewani. Bibi alikaa juu ya kinu kilicholala, akamvuta Yusta, akamweka kati ya magoti yake kama alipokuwa mdogo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Toka nilipofunua sufuria. Mahindi gani yananukia moshi kama hayajaning'inia juu ya mafiga yangu? Mimi mzee, pua haijazeeka."

"Sasa kwa nini ulikula? Kwa nini umenileta huku?"

"Nilikula kwa sababu yamekwishapikwa, na aliyeyapika ananipenda. Nimekuleta huku ili ukweli uutoe mwenyewe. Ningekuvua uongo mimi, ungebaki na aibu tu. Ukiuvua mwenyewe, umepona."

Yusta akafuta pua. "Na wewe Bibi, ulisema umefunga. Jumapili watu hawafungi. Katekista alisema."

Bi Mwanaidi aligeuka. "Nini? Huyu hali chakula?"

"Ananipa uji wake mimi na Eliasi. Kila siku."

"We Mnyamwezi!" Bi Mwanaidi aliinuka, kikapu kikapinduka. "Hata sisi mzee dhaifu hafungi, na mgonjwa hafungi. Kanisa lenu ndilo lililokutuma ufe? Mtani gani analala njaa mlango wa pili na hasemi? Unataka nikuzike kweli, wakati mimi natania tu?"

Bibi aliinamisha kichwa. "Nilikuonea haya. Na kwako ni njaa pia."

"Njaa ipo, mihogo nayo ipo. Umemwomba Mungu chakula?"

"Kila siku."

"Basi Mungu akupitishie wapi, juu ya bati? Mimi mlango wangu uko wazi!"

Bibi alicheka, machozi yakimlenga. "Yusta, mama, umesikia? Wote wawili tumesema uongo kwa kupendana. Wako umefukua mbegu, wangu karibu unifukie mimi. Tusamehane."

Jioni ile walifuturu wote pamoja, Waislamu na Wakristo, mihogo na chai ya rangi. Kabla hawajaondoka, Bi Mwanaidi alishusha kibuyu kutoka darini kwake, akammiminia Yusta punje mkononi. Zilikuwa nyekundu.

"Mbegu za Handeni. Nilikuja nazo nikiwa bibi harusi, nazipanda upya kila mwaka. Kwetu jua ni kali kuliko hapa, na hizi zimelizoea. Kesho karudishie mashimo yako." Kurudishia ni kupanda tena pale mbegu zilipopotea. "Na hiyo khanga mrudishie mwenyewe. Itanibana."

Kesho yake walipotoka kusali, Yusta alikwenda shambani na Bibi. Vumbi lilikuwa lile lile, na mbingu nyeupe vile vile. Alipofika shimo la kwanza alisita.

"Bibi, mimi bado naogopa haitanyesha."

"Na mimi naogopa," Bibi alisema.

"Wewe?"

"Unadhani mwenye imani haogopi? Anaogopa, huku anapanda. Tia mbegu."

Yusta akatia. Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Kila akipita shambani mikono ilimwasha kufukua aangalie tu kama zingali nzima, akajizuia. Aliondoa mawe, akafukuza kwale, akaenda shule. Bibi sasa alikula uji wake mbele ya Bi Mwanaidi, ambaye alikuja makusudi kumkagua kama askari.

Mvua ilikuja wakati hawakuitazamia, watoto wakiwa darasani. Iligonga bati mpaka mwalimu wa hesabu akaweka chaki chini, kwa sababu hakuna aliyemsikia. Yusta alikimbia nyumbani bila kujikinga. Alimkuta Bibi amesimama katikati ya uwanja, amelowa, mikono juu, na ng'ambo ya pili Bi Mwanaidi naye amesimama mikono juu, kila mmoja anashukuru kwa maneno yake.

Baadaye njia ya Dindira ilifunguliwa. Emiliana alishuka mwenyewe na unga, akakuta shamba limeota mstari kwa mstari, hata ukingoni. Wakati wa mavuno Eliasi alimenya hindi la kule karibu na mkonge, akapiga kelele.

"Bibi! Hili limeungua!"

"Halijaungua. Hilo ni Mzigua," Bibi alisema, akalipokea. Lilikuwa jekundu, limejaa hadi kwenye ncha. Alimwita Yusta, akaliweka mkononi mwake.

"Tazama. Wakati wa raha kila mtu anamwamini Mungu. Imani inajulikana pale tumbo linapokuambia ufukue, na wewe ukaiacha mbegu ardhini. Lakini kumtegemea Mungu si kujificha na njaa yako, kama nilivyofanya mimi. Ni kupanda, ni kuomba, ni kusema kweli, na ni kubisha mlango wa jirani. Mungu ana mikono mingi, mjukuu wangu. Mmojawapo una vidole vya Bi Mwanaidi."

"Nimesikia jina langu!" sauti ikaita kutoka ng'ambo. "Mnanisengenya, Wanyamwezi?"

"Tunagawana sufuria zako!" Yusta akajibu, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumtania.

Jioni alipanda juu ya kigoda jikoni. Akafunga mahindi meupe ya mbegu juu ya mafiga, na katikati yake akalifunga lile jekundu, akavuta kamba kuhakikisha imekaza. Kisha akashuka, akawasha moto, moshi ukapanda.