Bitana ya Koti Jeusi

Koti lilitoka kwenye robota likiwa na joto.

Si joto la jua. Robota lilikaa kivulini wiki nzima, limekazwa kwa nyaya, nguo zilizomo zimekandamizwa mpaka zimekuwa bapa kama karatasi. Hili lilikuwa joto la mwili, kama la koti ambalo mwenyewe amelivua sasa hivi, kaenda msalani na anarudi.

Fundi alilinusa. Lilinuka jivu lililomwagiwa maji.

"Hili lifuliwe kwanza," alimwambia mdogo wake. "Tena mara mbili."

Ungedhani amesema na ukuta. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiberiti kwa ufupi wake na kwa jinsi alivyowaka upesi, alikuwa ameshaiona bitana ya ndani. Nyekundu ya kuiva, laini, inateleza kidoleni.

Kazi ya ndugu hawa wawili ilikuwa kuchukua nguo zilizochokwa na wenyewe, kuzifumua na kuunda nyingine. Jinzi mbili zinatoa sketi. Shati la mwanaume mwenye kitambi linatoa gauni la mtoto, na baki linakuwa kola. Mwanzoni watu waliwaita mafundi viraka. Sasa waliocheka ndio wanaogombea kupimwa. Sheria yao ilikuwa moja: usikate kabla ya kufua, maana hujui nguo imetoka kwa nani. Na Kiberiti ndiye aliyevaa kila kitu kipya na kuzunguka nacho mitaani, akijitangaza kwa kiuno.

Siku hiyo Fundi alikwenda kutafuta vifungo. Aliporudi alikuta koti limebaki ganda, limevishwa sanamu ya kupimia pale kwenye kona, na Kiberiti yuko mbele ya kioo na blauzi nyekundu.

"Umeifua?"

"Nimeinyunyizia maji, dada."

"Kunyunyizia ni kufua? We mtoto una wazimu?"

"Si umeona inavyonikaa lakini?"

Ilimkaa. Hilo halikuwa na ubishi.

Kesho yake Kiberiti alikuja kazini na sweta. Keshokutwa na masweta mawili, jua linawaka nje mpaka lami inalainika. Alivua blauzi, baridi haikumtoka. Akanywa chai, chai ikapoa mdomoni. Mchana akaikamata pasi iliyokuwa imewaka barabara, akailaza kiganjani, na kabla Fundi hajapiga kelele pasi ikatoa mvuke kidogo, ikanyamaza. Fundi aliigusa. Ilikuwa imepoa kabisa. Kiganja cha Kiberiti hakikuwa na alama yoyote.

"Dada," alinong'ona, "sisikii kitu."

Mganga aliitwa. Alikuja na mkoba na kikohozi, akasimama mlangoni, akalitazama lile koti kwenye kona, na hakuingia.

"Jini," alisema kwa sauti ya chini. "Mmemvua nguo yake ya ndani. Sasa anajipasha kwa huyu binti. Msijaribu kuchoma, moto ndio kwao. Mrudishieni bitana, halafu mfunge hili duka, muache kufumua vya watu."

"Bitana nitarudisha," Fundi alisema. "Duka silifungi."

"Unabishana na jini, binti?"

"Mzee, mimi nimebishana na mabibi harusi."

Mganga aliondoka mbio kuliko alivyokuja, akasahau mkoba. Watu wengine wana ujasiri wa kuhesabu hela tu.

Basi Fundi alimlaza mdogo wake juu ya mafurushi, akamfunika kila nguo iliyokuwemo, akaketi kuifumua ile blauzi. Mchana ulikuwa mweupe, mtaa umejifungia kwa joto, na katika ule ukimya alianza kusikia pumzi, si ya Kiberiti aliyekuwa akipumua kidogo kidogo kama paka mgonjwa, bali pumzi nzito, ya raha, ya mtu aliyeshiba, inayotoka kwenye kona ambako hakuna mtu, na kila pumzi ilipotoka harufu ya jivu ilipita usoni mwake, na kila ilipovutwa midomo ya mdogo wake ilizidi kuwa ya kijivu, mpaka akaelewa kwamba akikaa hapo akitetemeka, jioni atakuwa anamshonea Kiberiti sanda.

"Bitana imepungua," koti likasema.

Fundi akaendelea kufumua.

"Imekatwa kwapani. Nitaunga."

"Imeshaonja mwili. Naitaka pamoja na mwili wake. Niachie huyo mfupi, nami nitakujazia wateja mpaka barabarani."

"Wateja ninao. Wewe umewahi kuvaa nguo isiyokupwaya?"

Mikono ya koti ikajivuta kidogo, kama mtu anayejitazama.

"Mabega yameanguka," Fundi aliendelea. "Mgongo una makunyanzi. Hata huyo mfupi ukimpata, utatoka naye hivyo? Watu wacheke?"

"Makunyanzi wapi?" koti likauliza, kwa sauti iliyopungua ukubwa.

"Ingia katikati, kati ya kitambaa na bitana, nikupime kwa ndani. Hakuna njia nyingine ya kuona panapovuta."

Kujipenda hakuna dini wala kabila. Koti lilivuliwa kwenye sanamu, likalazwa mezani, bitana iliyokwisha kuungwa kwapani ikatandikwa juu yake, uso kwa uso, Fundi akashona kuzunguka kote na kuacha tundu la kupitisha mkono. Vile vitambaa viwili vikaanza kuvimba vyenyewe, kifua, mabega. Vikajaa.

Hapo ndipo Fundi alipotumbukiza mkono tunduni, akaikamata kola kwa ndani, akavuta. Ndivyo koti linavyogeuzwa: lote linapita kwenye tundu moja, ndani inakuwa nje. Mafundi wote wanajua. Yule aliyekuwemo hakujua kwamba nguo ikigeuzwa naye anafungiwa ndani. Alipiga yowe la kitu kinachogeuzwa pamoja na nguo yake, vioo vikatikisika, na Fundi akavuta mpaka mikono ya koti ikachomoka, kisha akakaba tundu kwa ngumi na kuchukua sindano.

"Joto la mdogo wangu. Litoe."

"Nitakuunguza vidole!"

"Ninavyo kumi. Vikiisha nina meno."

Akapiga mshono. Ngozi ikatoa malengelenge. Akapiga wa pili. Wa tatu. Tundu likabaki la kupitisha kidole tu, na mle ndani sauti ikaanza kuomba, kisha kulia, kisha upepo wa moto ukafyatuka kupitia nafasi ile ya kidole, ukavuka chumba, ukatua juu ya mafurushi.

Kiberiti akapiga chafya.

"Nani kanirundikia haya matambara? Mnataka nife kwa joto?"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka.

"Nimelitoa," sauti ikasema. "Sasa nifungulie."

"Nani alikuahidi?" Akaliziba tundu kwa uzi wa mara nne.

Tangu siku ile koti limetundikwa nyuma ya cherehani. Ukilipitia karibu, ni kama kupita karibu na mtu mwenye homa. Wateja huuliza bei, wanaambiwa haliuzwi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Fundi huukagua ule mshono na kukuta uzi mmoja umekatika kwa ndani, ncha yake imeungua.

Leo zimekatika mbili.

"Dada," Kiberiti alinong'ona, "anaongeza kasi."

Fundi alilowesha uzi kwa ulimi, akautunga, akakaa mbele ya koti.

"Wewe kata," aliliambia. "Mimi nashona. Tuone nani atachoka."

Kiberiti alibaki amesimama kidogo, akiangalia vile vidole vya dada yake vyenye makovu. Kisha akavuta kiti cha pili.

"Nipe na mimi sindano."